Masisi na Walikale: Nyumba ndiyo inalisha biro ya serkali

Saa tatu za asubuhi, Masisi-centre. Mvua ya usiku imekatika, lakini matope yamejaa barabarani. Mama mmoja amesimama mbele ya biro ya serkali, mtoto mchanga mgongoni. Amefika kwa miguu toka kijiji cha mbali ili aandikishe mtoto wake. Mlango una kufuli. Mwuza maharagi wa pembeni anamwambia: «Mama, karani alienda kutafuta mshahara. Pengine kesho kutwa atakuwa amerudi.» Mama anaketi kidogo kwenye jiwe, ananyonyesha, kisha anarudi alikotoka.

Picha ya namna hii si ya siku moja, wala si ya Masisi-centre peke yake. Ukifika Nyabiondo, Mubi ao Walikale-centre, utaikuta. Na kila mara wakaaji wanatoa hukumu ileile: wafanyakazi wa serkali ni wavivu, wanakula feza ya bure. Wavivu wako, na habari yao itafika hapa chini. Lakini kwa walio wengi, ukimfuata karani tangu biro mpaka nyumbani kwake, utakuta jambo ambalo wakubwa wa Kinshasa hawapendi kusikia. Katika wilaya hizi mbili, biro hailishi nyumba. Nyumba ndiyo inalisha biro.

Mshahara wenye safari ndefu

Zamani mshahara ulifika kwa mkono. Mtunza feza alitoka mjini na noti ndani ya gunia, na kila mkono ulipogusa gunia, noti zilipunguka. Mwaka 2011 serkali ilianza kulipa wafanyakazi wake kwa njia ya banki. Nia ilikuwa nzuri: kila mmoja apate feza yake kamili, na majina ya wafu yatoke kwenye orodha. Wafanyakazi wengi wa miji mikubwa waliona faida. Lakini banki haikumfuata karani mpaka vijiji vya Masisi na Walikale. Ni karani aliyetakiwa kuifuata banki.

Toka Masisi-centre mpaka Goma ni kilomita karibu 80. Toka Walikale-centre ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara, na barabara yenyewe, wakati wa mvua, inageuka shimo la matope ambamo gari kubwa linaweza kulala siku kadhaa. Walikale ni kubwa karibu mara tano kuliko Masisi, na inachukua zaidi ya sehemu moja kwa tatu ya jimbo lote la Kivu ya Kaskazini. Mfanyakazi wa ndani ya Bakano ao Wanianga anaweza kutembea msituni kwa miguu kabla hajaona hata pikipiki ya kumbeba.

Hesabu ya safari hiyo kila bibi wa mfanyakazi anaijua kwa kichwa. Motari wa kwenda, motari wa kurudi. Chakula cha njiani. Mahali pa kulala mjini, kwa sababu mstari wa banki hauishi siku moja. Vizuizi vya barabarani, ambako kila mwenye silaha anataka kitu. Deni la jirani aliyekopesha feza ya safari. Baba anaporudi nyumbani, kile anachoweka mezani si mshahara tena. Ni mabaki yake.

Kwa walimu, Caritas ilipewa kwa miaka kadhaa kazi ya kupeleka mishahara mahali ambapo hakuna banki. Ilisaidia, lakini nayo ilipita barabara zilezile za matope na za silaha. Kisha simu ikaingia. Watu walifurahi: sasa feza itafika mfukoni bila safari. Kweli inafika, lakini inafika kama namba kwenye kioo. Kwa kuipata mkononi lazima mtandao uwepo, lazima kabini iwe na noti siku hiyo, na mwenye kabini akate sehemu yake. Karani mwenye feza kwenye simu anaweza kulala njaa sawa na asiyekuwa nayo.

Mwaka 2025 umeongeza uzito juu ya uzito. Masisi-centre iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwanzo wa mwezi wa kwanza, Goma mwisho wa mwezi huo. Mwezi wa tatu ilikuwa zamu ya Walikale-centre, mpaka wapiganaji walipoondoka hapo mwanzo wa mwezi wa nne. Banki za Goma zilifunga milango. Noti zikawa chache, na zile zilizobaki zikachakaa mpaka wachuuzi wakaanza kuzikataa: hii imepasuka, hii haina kona, hii rangi imetoka. Mfanyakazi aliyekuwa anatafuta njia ya kufika banki akajikuta hana banki ya kufikia.

Franka inayoyeyuka

Kuna jambo lingine, nalo ni la kimyakimya. Mshahara wa serkali unahesabiwa kwa franka za Congo. Maisha yanahesabiwa kwa dola. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa franka karibu 920. Mwaka 2024 ilipita 2 700. Mshahara ukiongezwa kidogo katikati ya miaka hiyo, bibi wa karani haoni ongezeko kwenye sufuria, kwa kuwa chumvi, sabuni na mafuta ya taa vilikwisha kupanda mbele yake.

Walikale ina ugumu wake. Ni inchi ya kasiterite na zahabu, na Bisie inajulikana hadi ng'ambo ya bahari. Kwa sababu barabara ni mbovu, bidhaa nyingi zilikuwa zinafika kwa ndege ndogo zinazotua juu ya barabara kule Kilambo, na kila kilo inalipia kiti chake. Kwa hiyo bei za soko zinafuata mfuko wa mchimbaji na wa mnunuzi wa mawe. Mwalimu anaingia soko lilelile na mfuko wa mwalimu. Anaona kijana aliyemfundisha darasa la tano akinunua samaki bila kuuliza bei, naye anazunguka akitafuta fungu dogo la ndagala. Mtu asishangae akisikia kwamba siku ya jumamosi mwalimu mwenyewe anashika koleo na kushuka machimboni.

Na huyo ni mwalimu anayelipwa. Pembeni yake wako wale wanaoitwa NU na NP. Wana darasa, wana wanafunzi, wana chaki, lakini mshahara wa serkali hawajauona. Masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa ya bure mwezi wa tisa 2019, wazazi walipumua, na ilikuwa haki yao, kwa kuwa Katiba inaisema wazi. Lakini feza ya wazazi ndiyo ilikuwa inashikilia mwalimu wa NP. Ilipokatika bila serkali kuweka ya kwake, nani alibeba mzigo? Bibi yake.

Mama na jembe

Hapa ndipo pa kuangalia vizuri. Saa kumi na moja ya alfajiri, kabla karani hajapiga pasi shati lake jeupe, mama yuko njiani kwenda shambani. Masisi ni maharagi, viazi na mahindi. Walikale ni mihogo, ndizi, mpunga na mawese. Akirudi anapita sokoni, anauza fungu moja, anabakiza fungu la nyumbani. Mwingine anakaanga mandazi, mwingine anapika kasiksi, mwingine anauza mkaa. Feza ya juma inaingia kwenye likirimba ao kwenye sanduku la AVEC, na zamu yake ikifika analipa sare ya mtoto, dawa ya malaria na, mara nyingi, ile feza ya motari ya kumpeleka bwana yake kutafuta mshahara.

Irudie polepole: mama analima maharagi, anayauza, na feza yake inalipia safari ya mfanyakazi wa serkali kwenda kuomba mshahara wa serkali. Karatasi ya biro, kalamu, hata sabuni ya kufua shati la kazi vinatoka kwenye maharagi hayo. Hakuna ripoti inayomtaja. Hana namba ya kazi. Lakini siku akiugua, biro inafungwa.

Hali hii inaingiza sumu ndani ya nyumba. Mwanaume anaitwa «chef» saa nne za asubuhi, na saa kumi na mbili jioni anaogopa kuuliza kama kuna bugali. Bibi anasikia redioni kwamba mishahara imelipwa, anahesabu siku, anangoja. Baba anarudi na mabaki. Mama anafikiri kwamba feza nyingine imebaki mjini, kwenye pombe ao kwa mwanamke mwingine. Baba, kwa haya, anakataa kueleza aliyoyaona njiani. Sauti zinapanda, watoto wanasikia. Ndoa nyingi za wafanyakazi zinachoka mwisho wa mwezi, wakati ambapo zingepaswa kupumua.

Lazima kusema pia kwamba wako mababa ambao feza inabaki kweli kwenye pombe. Hao wanajificha nyuma ya ubovu wa barabara. Dawa ni moja kwa wote: weka yote mezani. Kiasi kilichoingia, kilichokatwa, kilicholiwa na njia. Bibi anayejua hesabu anaweza kuvumilia mengi. Bibi anayefichwa hawezi kuvumilia hata kidogo.

Mwanamke wa biro

Na kama mfanyakazi ni mwanamke? Wako wengi: wauguzi, walimu, makarani. Kwao hakuna bibi wa kwenda shambani alfajiri. Ni yeye mwenyewe anayelima, anayepika, anayefika kazini akiwa amechoka, na anayerudi kuchota maji. Akichelewa, mkubwa wa kazi anasema: «Wanawake ndivyo walivyo.» Akiwahi kazini, mama mkwe anasema: «Huyu ameacha nyumba.»

Sheria ilibadilika. Tangu mwezi wa saba 2016, Kanuni ya jamaa iliyorekebishwa haimlazimishi tena mwanamke aliyeolewa kuomba ruhusa ya bwana yake kwa kufanya kazi. Lakini vijijini mabwana wengi hawajasikia habari hiyo, ao wamesikia na kuziba masikio. Kuna mwanamke ambaye mshahara wake unaingia kwenye simu, na simu iko mfukoni mwa bwana. Anafanya kazi mwezi mzima, kisha anaomba feza ya sabuni kama mgeni. Mwanaume anayefanya hivyo anamtendea bibi yake kile serkali inachomtendea yeye: kumtumikisha na kumlipa kwa kuchelewa.

Anayelipa mwisho ni raia

Mtu anaweza kusema: hayo ni maneno ya nyumba za watu, raia wanaingiaje? Raia wanaingia kwa mlango uleule wenye kufuli.

Sheria inasema mtoto anaandikishwa bila malipo ikiwa wazazi wametangaza kuzaliwa kwake ndani ya siku 90. Mama wa pale mwanzo alikuwa ndani ya siku zake. Alikuta kufuli. Atarudi lini? Kuna mavuno, kuna mvua, kuna siku ambazo risasi zinafunga njia. Siku 90 zikipita, kazi inakuwa ndefu na ya malipo. Na hata akimkuta karani ndani ya siku zake, anaweza kusikia: «Mama, acha kitu kidogo cha karatasi.» Hiyo ni matabishi, na matabishi ni wizi, hata ikiombwa kwa sauti ya upole. Njaa ya karani inaelezeka, lakini haimpi haki ya kumkamua mama aliye na njaa kuliko yeye.

Na katika Masisi na Walikale, karatasi si mchezo. Hapa watu wamekimbia vita mara nyingi kuliko wanavyoweza kuhesabu. Mtoto asiyeandikwa popote, akipotezana na wazazi njiani, nani atasema ni wa wapi? Akikua, atathibitisha vipi kwamba shamba la babu yake ni lake, katika wilaya ambayo magomvi ya mashamba yamemwaga damu kwa miaka mingi? Kufuli ya asubuhi moja inaweza kumfuata mtoto maisha yake yote.

Wengine watasema: kwa nini kulilia makarani wakati wahamiaji wanalala chini ya hema? Ni neno la haki, na hakuna anayetaka kumweka karani mbele ya mhamiaji. Lakini huyo mhamiaji ndiye anayemhitaji muuguzi aliyelipwa, mwalimu aliyeko darasani na karani aliyeko mezani. Ukimwacha mfanyakazi ajitafutie, wa kwanza kuumia ni yule asiyekuwa na kitu cha kumpa.

Nini ifanyike

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na ni wajibu mtakatifu. Inasema pia kwamba serkali inahakikisha malipo ya haki, yanayotosha kumpa mfanyakazi na jamaa yake maisha yenye heshima. Angalia vizuri: na jamaa yake. Wenye kuandika Katiba walijua kwamba mshahara si wa mtu mmoja. Lakini katika inchi hii kifungu kinachofuatwa zaidi ni kile cha 15 cha mzaha, kile cha «ujitafutie mwenyewe». Kifungu hicho hakiko kwenye karatasi yoyote ya leo, lakini kila biro inakijua.

Serkali inadaiwa jambo kubwa: kulipa mahali mfanyakazi anapofanyia kazi, kwa siku inayojulikana, na kuandika kwenye orodha walimu wa NU na NP waliongoja miaka. Wenye kushika silaha, wa upande wowote, wanadaiwa kuacha njia wazi na kutogusa feza ya muuguzi na ya mwalimu. Hayo hayamalizwi kijijini.

Lakini yako ambayo yanaweza kuanza jumatatu ijayo bila kungoja Kinshasa. Kwanza, wakubwa wa kazi wapange zamu. Kama lazima watu wafuate mshahara, wasiende wote siku moja. Abaki mmoja mwenye ufunguo na daftari, na jina lake liandikwe mlangoni. Pili, kila biro ibandike kwenye ukuta, kwa Kiswahili, huduma za bure na zile za kulipia, na bei yake. Raia anayejua bei hawezi kudanganywa kirahisi. Tatu, wafanyakazi wa biro moja waunde likirimba yao ya safari, ili feza ya motari isitoke tena kwenye mbegu za maharagi za mama. Nne, nyumbani, baba mwenye shati jeupe ajue kwamba ndoo ya maji haichafui shati. Bibi anapolisha biro, angalau biro irudi nyumbani mapema kuwasha moto.

Na wale wavivu? Wapo, wanajulikana kwa majina katika kila mtaa: wale ambao «wameenda kutafuta mshahara» majuma matatu kwa mwezi, na wanaonekana kwenye kasiksi kabla ya saa sita. Zamu ikiandikwa mlangoni, hawatakuwa tena na mahali pa kujificha, na wenzao waaminifu hawatatukanwa kwa ajili yao.

Yule mama wa Masisi-centre aliyenyonyesha kwenye jiwe hakuomba mengi. Hakuomba barabara ya lami wala banki. Aliomba mtu mmoja aketi nyuma ya meza, aandike jina la mtoto, tarehe na kijiji. Pengine siku hiyohiyo, bibi wa yule karani alikuwa shambani, ameinama, naye pia mtoto mgongoni, akilima feza ya safari inayofuata. Wanawake hawa wawili hawajuani. Wanabeba mzigo mmoja.